Mnapanga mtoto na wote mko kazini? Anzieni kwenye barua ya ajira

Wanandoa wengi wanaokuja kliniki hapa Dodoma, hasa hawa waliohamia na serikali, wanakuja na swali la "tuzae lini" huku jibu wanalo tayari, mpaka kiwanja kiishe, mpaka mume naye apate uhamisho wa kutoka Dar. Mi nawaambia hela itatafutwa tu, ila mwili na sheria ya kazi vina kalenda zake na havimsubiri mtu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi na mshahara wake, akizaa mapacha siku 100. Hapo wengi wanajua. Wasichojua ni kwamba inahesabiwa kwa mzunguko wa miezi 36, na mzunguko hauanzi siku uliyojifungua, unaanza siku uliyoajiriwa na mwajiri huyo, kwa hiyo watoto wawili wakiangukia mzunguko mmoja usishangae afisa utumishi akigoma likizo ya pili. Alafu kama hujafikisha miezi 6 kazini, likizo ya malipo bado hujaistahili. Itoeni ile barua kabatini muisome wote wawili. Taarifa kazini inatolewa miezi 3 kabla ya tarehe ya kujifungua, na cheti cha daktari.

Kiafya, Shirika la Afya Duniani linashauri mama akae angalau miezi 24 toka ajifungue ndo abebe mimba nyingine, jumlisha miezi 9 ya mimba unapata 33 toka mtoto mmoja mpaka mwingine. Ukifuata hivyo sio rahisi kugongana na ile 36.

Baba ana siku 3 tu, azichukue ndani ya siku 7 toka mtoto azaliwe. Ni chache mno, tuseme ukweli, kwa hiyo mjue mapema nani atakaa na mama. Kama mnamtegemea bibi wa Mpwapwa au Kongwa kumbukeni mvua zetu huku ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, yupo shambani, ukijifungua Januari unamuita kipindi ambacho hawezi kuacha jembe. Na yale masaa mawili ya kunyonyesha kwa siku ambayo sheria inakupa, kama ofisi iko Mtumba na mtoto yuko Nkuhungu yanaishia barabarani, bora mtafute dada wa kumlea karibu na ofisi.

Kama unatumia sindano ya miezi mitatu, ukiacha uzazi unaweza kuchelewa kurudi miezi kadhaa, wengine hata mwaka, wakati kijiti na kitanzi ukishatoa unaweza kushika mimba mapema tu. Wa sindano aanze kuhesabu mapema. Foliki asidi mikrogramu 400 kila siku mnaanza kabla ya mimba, sio siku ya kwanza ya kliniki, na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, mpime wote.

Kwa aliyevuka 35, kusubiri nyumba iishe sikushauri. Mkijaribu mwaka mzima bila mimba njooni, na mama akiwa na 35 au zaidi miezi 6 inatosha. Ila mje wote, akina baba mna tabia ya kumtuma mke peke yake na kipimo cha mbegu hawezi kukupimia yeye.