"Nasubiri dawa mpya": yanayosemwa kuhusu tiba za saratani ya tezi dume, na ukweli wake

Kauli yenyewe huja hivi: "Daktari, mimi sitaki kukatwa wala hizo sindano. Kijana wangu wa Dar kanitumia video, kuna dawa mpya inakuja. Nasubiri." Anayesema hivyo mara nyingi ni mzee ambaye PSA yake, kipimo cha damu cha tezi dume, iko kwenye mamia na picha ya nyonga inaonyesha mifupa imeshaguswa. Ukimwambia hakuna cha kusubiri, anadhani unamficha dawa ya wenye pesa. Tuanze na hili, maana ndilo linalowapoozesha watu miguu huku Kusini mwa Tanzania.

"Dawa mpya zikija, hakuna tena kukatwa wala sindano"

Sivyo. Karibu dawa zote mpya za saratani iliyosambaa zinajengwa juu ya tiba ileile iliyoonyeshwa na Charles Huggins na mwenzake mwaka 1941: kuishusha testosteroni, homoni ya kiume inayoilisha saratani hii. Huggins alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1966, na msingi wake haujang'olewa hadi leo. Vidonge vipya kama abirateroni na enzalutamidi huongezwa juu ya sindano au upasuaji wa kushusha homoni hiyo. Hata zile ambazo bado ziko kwenye majaribio, kama dawa zinazobomoa kipokezi cha homoni badala ya kukiziba, au xaluritamig inayoikutanisha seli ya kinga na seli ya saratani, kwa kawaida hupewa mtu ambaye testosteroni yake tayari iko chini ya nanogramu 50 kwa desilita na inabaki hapo. Aliyekataa kushusha homoni akaenda kuomba nafasi kwenye jaribio la namna hiyo hurudishwa mlangoni.

Kwa hiyo anayesubiri dawa mpya bila kutumia ya zamani anajiondolea sifa ya kuipata hiyo mpya. Huku nyuma uvimbe haumsubiri. Unapenda pingili za mgongo, na ukishabana uti wa mgongo dalili zake zinajulikana: maumivu ya mgongo yanayozidi ukilala, miguu kuwa mizito, ganzi mapajani, mkojo kugoma. Mtu wa namna hiyo anatakiwa hospitali siku hiyohiyo. Si baada ya mnada wa korosho, si Jumatatu. Anahitaji haraka steroidi za kupunguza mbano kwenye uti, na mara nyingi mionzi, na kutoka Mtwara mjini hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 500. Aliyefika akiwa bado anatembea ana nafasi nzuri ya kuendelea kutembea. Aliyebebwa akiwa ameshapooza siku kadhaa, nafasi hiyo ni ndogo mno, na hakuna dawa mpya inayomnyanyua.

Sasa kuhusu "kukatwa". Wengi wanadhani wanakatwa uume. Upasuaji huu unaondoa korodani, tena upo ule wa kutoa nyama ya ndani na kuacha ganda lake ndani ya mfuko wa korodani, ukipapasa unakuta kitu. Hufanywa kwa ganzi, hauhitaji mashine za ajabu, na testosteroni hushuka ndani ya saa 24. Gharama ni ya mara moja. Kwa mzee wa Newala au Liwale ambaye nauli tu ni mtihani, nasema wazi: upasuaji ndio chaguo langu la kwanza, na sioni kwa nini tuuonee haya.

Sindano nayo ni nzuri, ila ina masharti ambayo watu huyachezea. Goserelini, mojawapo ya sindano hizo, ya 3.6 mg ni ya kila siku 28, ya 10.8 mg ni ya kila wiki 12. Wiki 12 ni siku 84, wala si "mwezi wa tatu nikipata nafasi". Hesabu kwa wiki kwenye kalenda ya ukutani na uweke alama siku hiyohiyo ulipochomwa. Anayeiruka dozi ya Agosti akisubiri hela ya korosho ya Oktoba au Novemba anairudishia saratani chakula chake kwa wiki kadhaa, halafu PSA ikipanda anaambiwa dawa imegoma. Dawa haijagoma. Haikuchomwa. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu dawa ikigoma kweli unahamia tiba nyingine ya bei kali, ilhali kwa aliyeruka unarudi kwenye ratiba na kupima testosteroni kwanza. Kipimo hicho husahaulika kuliko vyote.

Jambo jingine: sindano ya kwanza ya aina hii huipandisha testosteroni kwa wiki moja hadi mbili kabla ya kuishusha. Ndiyo maana unapewa bikalutamidi, kidonge cha kuiziba homoni hiyo, 50 mg kila siku, kuanzia siku chache kabla ya sindano na kuendelea wiki kadhaa baada yake. Vidonge hivyo si vya maumivu wala vya hiari. Mwenye uvimbe karibu na uti wa mgongo akichomwa bila kinga hiyo anaweza kuzidiwa ndani ya siku chache. Kwa mgonjwa wa namna hiyo upasuaji una faida, maana hauna kupanda kwanza.

"Dawa ya nyuklia inaponya kabisa"

Hii ni lutesiamu-177, chembe yenye mionzi, iliyofungwa kwenye molekuli inayoitafuta PSMA, protini iliyo juu ya seli nyingi za saratani hii. Marekani iliidhinisha Machi 2022 kwa jina la Pluvicto. Huingizwa kwenye mshipa kila wiki 6, hadi mara 6. Katika jaribio lililoipa kibali, nusu ya waliopewa pamoja na huduma ya kawaida waliishi zaidi ya miezi 15.3, na waliopata huduma ya kawaida pekee miezi 11.3. Miezi minne kwa mtu aliyekwisha kutumia dawa za homoni na kemo ni faida ya kweli. Kupona si hiyo. Tena kabla ya kuipata lazima picha maalumu ionyeshe kuwa uvimbe wako una PSMA. Mdomo hukauka kwa sababu tezi za mate nazo zina protini hiyo, na damu inaweza kupungua. Usiuze shamba kwa sababu ya video ya dakika mbili kabla daktari wa saratani hajakwambia kama unafaa.

"Vidonge vikali vimezwe na uji visichome tumbo"

Kwa abirateroni ushauri huu ni hatari, na unatolewa na ndugu wenye nia njema. Chakula chenye mafuta mengi kinaweza kuongeza kiasi cha dawa kinachoingia mwilini hadi mara 10. Dozi ya 1000 mg humezwa tumbo tupu kwa maji: hujala kwa saa mbili kabla, na huli kwa muda wa saa nzima baada. Ni kweli watafiti wamejaribu 250 mg pamoja na chakula chenye mafuta kidogo ili kupunguza gharama, na matokeo yalitia moyo, lakini hiyo huamuliwa na daktari anayekutibu. Kugawa vidonge nyumbani ili vifike mwezi unaofuata, huku ukivimeza tumbo tupu kama kawaida, hakuna maana.

Kwa mfungaji wa Ramadhani aliyeruhusiwa na daktari wake kufunga: magharibi afungue kwa maji na vidonge, asubiri muda wa saa nzima, ndipo ale futari. Prednisoloni, kidonge cha steroidi kinachoambatana na abirateroni, ndiyo ya kumeza na chakula. Na hiyo prednisoloni usiiache ghafla eti uso umevimba. Ipo pale kwa sababu abirateroni huvuruga homoni za tezi zilizo juu ya figo, shinikizo la damu hupanda, potasiamu hushuka, miguu hujaa maji. Pima shinikizo na potasiamu kila mwezi, na ini kila wiki mbili kwa miezi mitatu ya mwanzo.

"PSA imeshuka, nimepona"

Imeshuka kwa sababu unatumia dawa. Endelea. Na ukiwa unameza finasteridi ya kutuliza tezi iliyovimba, ujue baada ya miezi sita hivi huikata PSA karibu nusu bila kugusa saratani, kwa hiyo mwambie anayekusomea majibu. Anayenywa mlonge sambamba na sindano kisha akamshukuru mlonge, huyo simwezi.

"Dawa inayolenga vinasaba ni ya kila mtu"

Olaparibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa saratani hii, hufanya kazi zaidi kwa wenye hitilafu kwenye vinasaba kama BRCA2. Bila kipimo cha vinasaba unabahatisha kwa fedha nyingi na kujitafutia upungufu wa damu. Ila kama dada au mama yako aliugua saratani ya matiti au ya ovari akiwa bado kijana, litaje hilo kliniki bila kungoja kuulizwa.

"Majaribio ni kugeuzwa panya, na unapewa vidonge vya unga"

Katika majaribio makubwa ya saratani hii kundi la kulinganisha hupewa tiba inayokubalika wakati huo. Kama kuna kidonge kisicho na dawa, kwa kawaida huongezwa juu ya tiba hiyo. Nchini kwetu jaribio la dawa linahitaji kibali cha maadili, ambacho NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, hutoa kwa ngazi ya taifa, na ruhusa ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Unasaini fomu ya ridhaa kwa lugha unayoielewa, nakala unabaki nayo, na unaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu. Dawa inayojaribiwa huinunui. Akija mtu Masasi au Nachingwea na fomu ya "utafiti wa dawa mpya ya tezi dume" akitaka elfu hamsini ya usajili, mwombe namba ya kibali, kisha ipeleke kwa mganga mkuu wa wilaya kabla hujatoa senti.