Choo cha kubeba kambini: kinamwagwa wapi, vipi, na kwa nini

Msimu wa kiangazi, Juni hadi Oktoba, ndio unaojaza kambi za hifadhi zetu za Taifa hapa Tanzania, na malalamiko yanayokuja nao ni yale yale: chemba zilizoziba, madoa ya dawa ya bluu kwenye nyasi, harufu karibu na mabanda ya kupikia, nyani waliofukua asubuhi kilichofukiwa usiku. Hatuna shaka kwamba wengi wanaosababisha haya hawana nia mbaya. Wamenunua au kukodi choo cha kubeba, wamejiandaa kuliko wenzao, na wamefika kambini wakiamini suala la choo limekwisha. Halijaisha. Choo cha kubeba ni chombo cha kuhifadhia na kusafirishia kinyesi mpaka kifike kwenye karo, yaani tanki la majitaka lililofukiwa ardhini. Hakikimalizi. Masharti yote yanayofuata yanatokana na jambo hilo moja.

Tuanze na kambi zenyewe. Kambi ya umma, kama Pimbi, Nyani na Dik Dik pale Seronera, Serengeti, ina vyoo na mabanda ya kupikia, na unaitumia pamoja na wageni wengine. Kambi maalumu hutengwa kwa kundi lako peke yako, lakini haina huduma yoyote: hakuna maji, hakuna choo, hakuna kuni. Unachohitaji unakuja nacho, kinachobaki unaondoka nacho, na kinyesi ni sehemu ya kinachobaki. Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa kambi maalumu ni ghali zaidi, ile tofauti ya bei imenunua ruhusa ya kuchimba shimo popote. Haikununua. Shimo ndani ya hifadhi linahitaji idhini ya Afisa Uhifadhi wa eneo husika na huchimbwa mahali atakapoonyesha yeye. Ukiona kampuni yenye kambi ya msimu imechimba jirani yako, idhini hiyo ni yao, si yako.

Neno lingine linalochanganya watu ni gari linalojitosheleza. Hema la juu ya paa, friji, sola na dumu la maji havilifanyi gari lijitosheleze. Linajitosheleza pale watu waliomo wanapoweza kupika, kulala na kujisaidia kwa siku zisizopungua tatu bila kuacha tone ardhini. Maana yake lina tanki la maji safi, tanki la maji machafu ya sinki, pipa la taka lenye mfuniko, na choo kinachotumika ukiwa ndani, hata kitanda kikiwa kimetandikwa. Hicho kipengele cha mwisho ndicho kinachoangusha magari mengi. Choo kilichofungwa kwenye boksi chini ya mizigo, kisicho na pa kuwekwa usiku, hakitumiki. Mtu ataenda kichakani. New Zealand, nchi yenye watalii wengi wa magari ya kulala, ilitunga sheria mwaka 2023 inayotaka choo kiwe kimefungwa moja kwa moja kwenye gari ndipo gari lipate cheti, na cha kubeba hakikubaliki tena. Cheti cha huko hakikupi haki yoyote langoni kwetu, lakini hoja yao ni sahihi na tunaomba makampuni ya kukodisha magari waizingatie.

Sasa hesabu ya ujazo, ambayo wengi hawaifanyi kabla ya safari. Tanki la chini la choo cha kubeba, lile linalopokea kinyesi (la juu ni la maji ya kusukumia), likiwa la lita 20 huwatosha watu wawili kwa siku tatu hivi, yaani lita 3 na kidogo kwa mtu kwa siku, pamoja na maji ya kusukumia. Familia ya watu wanne ikikaa usiku mitatu kwenye kambi maalumu inahitaji takriban lita 40. Tanki moja halitoshi. Ama mje na tanki la pili lenye mfuniko wa kukaza, ama mpange ratiba ili siku ya pili mpite kwenye kambi ya umma yenye karo na mmwage hapo kwa ruhusa. Tanki likijaa hadi ukingoni halifungi vizuri kilango chake (mlango mdogo ulio kati ya kiti na tanki), na barabara za mbuga zitalitikisa mpaka livuje kwenye mizigo. Simamieni robo tatu.

Kabla ya matumizi ya kwanza, tia lita 2 hadi 3 za maji kwenye tanki la chini pamoja na dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Maji hayo si mapambo: bila hayo kinyesi hukauka na kushika sakafu ya tanki, na siku ya kumwaga hakitoki. Mpira wa kilango usipakwe mafuta ya kula wala mafuta ya mgando ya kujipaka. Vyote hulainisha kwa siku chache kisha huuharibu mpira. Tumia mafuta ya silikoni.

Kuhusu dawa, tafadhali someni chupa. Zile za bluu zenye fomaldehaidi huzuia harufu kwa kuua bakteria, na haziachi kufanya kazi hiyo zikishaingia kwenye karo. Karo linategemea bakteria hao hao kuyeyusha kinyesi. Karo la kambi ni dogo na liko mbali na gari la majitaka, kwa hiyo magari matano yakimwaga dawa hiyo wiki moja, kazi ya kuyeyusha husimama, kinyesi kisichoyeyuka hujaa, na vyoo vya kambi nzima huanza kurudisha maji. Chagueni dawa ya vimeng'enya au isiyo na fomaldehaidi. Bei inakaribiana.

Jiki usitie kabisa kwenye choo cha kubeba. Hili tumelieleza mara nyingi na bado linafanyika. Klorini ikikutana na mkojo uliokaa hutoa gesi ya kloramini, inayochoma macho, koo na mapafu, na ndani ya hema lililofungwa mtu anaweza kuhitaji kukimbizwa hospitali iliyo mbali saa kadhaa. Majivu nayo yanafaa choo cha shimo. Ndani ya tanki la kubeba hugeuka tope zito lisilomwagika. Dizeli na oili chafu hazifai popote.

Kumwaga ndiko kwenye matatizo makubwa, kwa hiyo tutaeleza kwa kirefu. Mwage mchana. Usiku hairuhusiwi kuzurura nje ya eneo la kambi, na fisi na tembo hawasomi mabango. Kwanza mtafute mhudumu wa kambi au askari uhifadhi, akuonyeshe chemba ya kuingizia karo. Usifunue mfuniko kwa kubahatisha, kwa sababu kambi nyingi zina mifuniko miwili inayofanana: mmoja wa karo, mwingine wa shimo la kunyonya linalopokea maji yaliyokwisha kuchujwa. Ukimwaga kinyesi kizito kwenye shimo la kunyonya, matundu ya udongo huziba, na udongo ulioziba hauzibuliwi kwa fimbo wala kwa dawa. Inabidi shimo jipya lichimbwe. Kosa la dakika moja hugharimu kambi msimu mzima.

Vaa glavu za mpira na viatu vya kufunika vidole. Tenganisha tanki la chini na la juu, lipeleke likiwa limesimama wima, kisha fungua kifuniko cha mdomo polepole ukiwa umegeuza uso. Kama umetoka Mto wa Mbu na kupanda hadi ukingo wa Ngorongoro, umepanda zaidi ya mita 1,300, na hewa iliyofungiwa ndani ya tanki ina msukumo mkubwa kuliko hewa ya nje. Ukifungua ghafla, yaliyomo yatakurukia. Hilo lahusu pia kilango kilicho chini ya kiti: shusha kwanza mfuniko wa kiti, fungua kilango kidogo, hewa itoke, ndipo ukitumie.

Unapomwaga, bonyeza kitufe cha hewa ili yasitoke kwa kugugumia na kurusha matone. Mwaga taratibu. Kisha suuza tanki kwa lita 3 hadi 5 za maji, tikisa, mwaga, na urudie mara ya pili. Maji ya kusuuzia nayo yanaingia chemba ile ile. Wapo waangalifu wanaomwaga kinyesi mahali pake halafu wakasuuzia kwenye bomba la kuoshea vyombo, na hapo wenzao wanaosha sufuria nusu saa baadaye. Kipindupindu hakihitaji zaidi ya hapo.

Ukielekezwa umwage kwenye choo cha kawaida cha kuvuta maji badala ya chemba, usimimine lita 20 kwa mkupuo. Mimina kidogo kidogo, vuta maji, subiri yashuke, endelea. Karatasi ya choo laini inakubalika. Vitambaa vyenye unyevu vya kujifutia, pedi na pampasi haviingii kwenye choo chochote, cha kubeba wala cha kambi, hata kama pakiti inasema vinayeyuka. Haviyeyuki kwa muda unaotosha. Vifungwe kwenye mfuko na viondoke nawe.

Hapa huulizwa swali la mifuko. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 1 Juni 2019 ilihusu mifuko ya kubebea bidhaa. Vifungashio vya usafi na udhibiti wa taka havikupigwa marufuku. Mifuko ya kuhifadhia kinyesi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo haimo katika katazo. Rambo la dukani limo. Chini ya kanuni hizo za 2019, kukutwa na mfuko uliokatazwa ni kosa lenye faini isiyopungua shilingi 30,000 na isiyozidi 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba. Usitegemee utetezi kwamba ulikuwa unabebea taka.

Kilimanjaro ina hali yake. Kule choo cha kubeba hakipandi na gari, kinapanda na mpagazi. Mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20. Tanki la lita 20 likijaa lina kilo 20 kabla hujahesabu uzito wa choo chenyewe. Hivyo kimwagwe kila kambi, asubuhi kabla ya kuondoka, kwenye vyoo vya shimo vya kambi hiyo, na si nyuma ya mawe njiani kupunguza uzito. Kiongozi wa msafara ndiye anayewajibika, si kijana aliyekibeba. Kambi ya Barafu iko mita 4,673. Kwa baridi ya huko kinyesi kilichoachwa juu ya mwamba hakiozi kwa kasi ya kule chini. Kinabaki, mvua na theluji vinakishusha, na chini kuna wanaochota maji ya mlima huo kunywa na kumwagilia. Mgeni aliyelipia choo binafsi ana haki ya kukuta kisafi, na mpagazi ana haki ya kupewa glavu, sabuni na maji ya kutosha. Msafara unaompa mtu kazi hiyo bila glavu unamhatarisha yeye na kila anayekula chakula kwenye hema lile lile.

Maji ya kuoshea vyombo nayo yasimwagwe ovyo. Chuja makombo kwanza, makombo yaende kwenye taka, maji yaende kwenye sinki la banda. Nyani, fisi na ndege kama korongo hujifunza haraka kambi ipi ina chakula, na mnyama aliyezoea hivyo huishia kuwa hatari kwa mgeni anayekuja baada yako.

Kuhusu sheria. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinalinda mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na fukwe dhidi ya shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira hayo. Tunasikia hoja kwamba korongo likiwa kavu si mto. Ni mto usio na maji kwa sasa, na mvua ya kwanza itabeba chote ulichoacha. Sheria hiyo pia inaipa mahakama uwezo wa kumwamuru aliyechafua, juu ya adhabu yenyewe, alipe gharama yote ya kusafisha. Pale kosa linapofifilishwa badala ya kupelekwa mahakamani, mkosaji hukiri kwa maandishi, hupewa namba ya malipo ya serikali, hulipa kwa benki au simu, na hupata stakabadhi. Fedha taslimu mkononi mwa mtu si malipo. Asiyekiri ana haki ya kwenda mahakamani. Maelezo haya ni ya elimu na hayachukui nafasi ya masharti yaliyoandikwa kwenye kibali chako. Yakitofautiana, fuata kibali.

Kikimwagika kwa bahati mbaya, usihamishe gari na kunyamaza. Zuia watoto wasisogee. Funika kwa udongo mkavu au majivu mpaka unyevu wote unywewe, zoa kwa koleo, peleka kwenye chemba. Hapo ndipo Jiki inapofaa, nje kwenye hewa ya wazi tu: kipimo 1 cha Jiki ya asilimia 3.5 kwa vipimo 6 vya maji, mwagia pale palipozolewa, acha dakika 10. Nawa mikono kwa sabuni, kisha mjulishe mhudumu ni wapi hasa na kiasi gani, ili asihamishie hema la mgeni mwingine mahali hapo jioni hiyo.