Ugiriki na Roma ya Kale: Si Kweli Kwamba Kila Kitu Kimekwisha Kusomwa

Wapo wanaodhani kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu anayesomea Ugiriki na Roma ya kale hukariri tu maandishi yaliyokwisha kuchambuliwa karne nyingi zilizopita. Dhana hiyo haina msingi. Mwaka 1896, Waingereza Bernard Grenfell na Arthur Hunt walianza kuchimba majalala ya mji wa kale wa Oxyrhynchus nchini Misri, nchi iliyotawaliwa na Wagiriki na kisha Warumi, wakafukua laki kadhaa za vipande vya mafunjo (karatasi za kale zilizotengenezwa kwa matete), ambavyo vingi vimehifadhiwa Oxford na hadi leo havijachapishwa, ingawa juzuu zilizokwisha kutoka zimepita 80. Humo mna mashairi ya Sappho, mshairi mwanamke wa Ugiriki ya kale, lakini pia mna mikataba ya mikopo, stakabadhi za kodi, na barua ya mtoto aitwaye Theon, iliyojaa makosa ya tahajia ya Kigiriki, akimlaumu baba yake kwa kutompeleka Aleksandria na kutishia kwamba asipoitwa hatakula wala hatanywa. (Mzazi yeyote ataitambua sauti hiyo.) Kusoma kipande cha namna hiyo, chenye matundu ya wadudu na wino uliofifia, huku kila herufi ikipimwa na kubishaniwa, ni sehemu halisi ya taaluma hii.