Je, wajua bendi huuamshaje ukumbi uliolala?

Ukikaa na wanamuziki wa dansi wanaozunguka mikoani, utawasikia wakizisema Nyanda za Juu Kusini: kule watu wanakaa kama wapo mahakamani. Bendi inapanda Mbeya kutoka Dar es Salaam mwezi wa saba, inapiga wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu, na katikati ya ukumbi sakafu imebaki tupu, inang'aa. Kwa nini?

Mimi nilikuwa na jibu, tena nililitoa kwa kujiamini: baridi. Mbeya mjini ipo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Mtu mwenye sweta, koti na mzula ataanzaje kunengua? Na kama si baridi, basi bendi imechemsha. Usiku mmoja pale Mwanjelwa, Mbeya, saa nne na nusu, nilimnong'oneza rafiki yangu: "Hawa wamekataliwa." Saa nane watu wale wale waligoma kuondoka. Bendi haikubadilika, na baridi ilikuwa imezidi.

Hapo hoja yangu ilitakiwa ife, lakini niliibeba miaka kadhaa zaidi. Kilichoimaliza ni harusi. Nenda harusini Uyole kule Mbeya, au Kihesa kule Iringa, mwezi huohuo wa saba: kamati inaingia na zawadi inacheza, mashangazi wanacheza, hata mzee wa kanisa anatikisa bega. Ni watu wale wale na makoti yao. Wala usiseme dansi ni geni huku. Tancut Almasi Orchestra, bendi iliyokuwa mali ya kampuni ya kuchonga almasi, ilikuwa na maskani yake Iringa, na miaka ya 1980 ilisikika nchi nzima.

Kosa lingine nililofanya ni kudhani anayekaa kimya amechukia. Wimbo wa dansi una vyumba viwili. Cha kwanza ni cha maneno: mke kaondoka, rafiki kageuka, mshahara haujatosha. Watu wengi hukaa wakasikiliza kisa. Cha pili ni chemko, magitaa yanapoachiwa na miguu ikaitwa. Anayehesabu wachezaji wakati kisa kinasimuliwa anawahi mno. Kwenye taarabu ndiyo kabisa: mtu anaweza kukaa usiku kucha, akainuka mara moja tu kwenda kutuza.

Baridi ina kazi yake, ila inaifanyia jukwaani. Sauti husafiri polepole zaidi kwenye hewa baridi, hivyo tarumbeta na saksafoni hushuka. Nyuzi za gitaa nazo hujikaza zikapanda. Ndiyo maana bendi iliyotoka Pwani hutumia nusu saa ya kwanza ikirekebisha vyombo vinavyokimbiana, huku wapulizaji wakivipulizia pumzi vipate joto. Wateja huona wanapoteza muda.

Sasa sakafu tupu inatoka wapi? Maelezo ninayoyapenda ni ya mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliyoyachapisha mwaka 1978. Yeye alikuwa anafikiria ghasia, si rumba, lakini hesabu inahama vizuri.

Chukua ukumbi wenye watu 100. Kila mmoja ana kizingiti chake, yaani idadi ya watu anaotaka kuwaona sakafuni kabla hajainuka. Wa kwanza kizingiti chake ni sifuri: tumwite kijana aliyepokea mshahara leo. Wa pili, fundi cherehani, anataka kumwona mmoja. Wa tatu anataka wawili, wa nne watatu, hivyo hivyo hadi mwalimu wa kwaya kule pembeni, anayetaka kuwaona 99. Kijana akiinuka, fundi anafuata, wa tatu anafuata, na baada ya nyimbo mbili hakuna kiti chenye mtu.

Sasa mtoe fundi cherehani. Amewahi bodaboda ya mwisho. Kiti chake amekaa mtu anayetaka kuwaona wawili. Kijana anainuka, anacheza peke yake, anaangalia huku na huku, anarudi kwenye bia yake. Basi. Watu 99 kati ya 100 ni wale wale, muziki ni ule ule, ila safari hii utasema bendi imedoda. Mtu mmoja tu.

Hesabu hii ni ya kwenye karatasi. Watu halisi hulewa, huona aibu mbele ya wakwe, huchoka. Lakini mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, waliangalia makofi ya wanafunzi baada ya mihadhara, na wakaona mtu huanza kupiga kwa kufuata wingi wa waliokwisha kuanza ukumbini. Vilikuwa vikundi vya watu wasiozidi 20, na mhadhara si chemko, kwa hiyo usiutwike utafiti huo mzigo mkubwa.

Ukishaijua hesabu hii, vituko vingi vya bendi vinaeleweka. Wanenguaji hawashuki jukwaani kuja mezani kwa ajili ya urembo tu. Wao ndio watu wa sifuri, wa moja na wa mbili. Rapa anayeita majina ya waliokaa meza ya mbele anavunja vizingiti kimoja kimoja. Magitaa yakikatwa yakabaki drams na besi, makofi ya waliokaa yanasikika, na kupiga makofi ni ngazi fupi kuliko kusimama. Na kwa kuwa chemko halina mwisho uliopangwa, kiongozi akiona wawili wamejitosa hufanya ishara ya kidole na wimbo wa dakika 6 unafika 15. Santuri haiwezi kukungoja.

Ufaransa kazi hii ya kuwaanzishia wengine waliifanya biashara kabisa: mwaka 1820 ilifunguliwa ofisi jijini Paris ya kukodisha wapiga makofi wa ukumbini, wakiwemo wa kucheka na wa kulia.

Mpiga besi mmoja aliniambia yeye haangalii nyuso, anaangalia chini ya meza. Usiku ule wa Mwanjelwa nami ningeangalia huko ningemwona mzee wa mzula wa kijani, mikono kifuani, uso kama anasubiri hukumu, kiatu cha kulia kikigonga mguu wa kiti cha plastiki bila kukosea pigo. Aliyeinuka wa kwanza alikuwa mama wa jikoni, na sinia lake la mishikaki, hatua tatu kati ya meza mbili. Wakafuata wasichana wawili, kisha meza nzima.

Mzee hakucheza. Karibu na saa saba alipita katikati ya wachezaji polepole, akambandika mpiga solo noti ya shilingi 10,000 kwenye paji la uso, akarudi kukaa, akakunja mikono.