Kabla ya kuuliza paneli ngapi, hesabu usiku wako

Swali linalotangulia mengine yote ni "paneli ngapi za sola zitanitosha?" Fundi mwenye haraka atalijibu hapo hapo mlangoni: nne, sita, nane. Jibu la namna hiyo ni ramli. Paneli unaweza kuziongeza mwaka ujao bila kubomoa chochote. Kinachoamua kama utalala na feni au utalala na jasho ni betri, na ukubwa wa betri unatokana na vile vitu unavyowasha toka saa 12 jioni mpaka saa 2 asubuhi. Kwa hiyo tuanze na usiku.

Uniti ya sola ni ileile uniti ya LUKU: wati 1000 zikitumika kwa saa moja. Chukua nyumba ya vyumba vitatu Kigamboni, Dar es Salaam, isiyopikia umeme. Friji ya ukubwa wa kati hula kama uniti 1.2 kwa siku. Kibandiko chake kinaweza kusema wati 150, lakini kompresa huwaka na kuzima, haifanyi kazi muda wote. Feni tatu za wati 65 zikizunguka saa 8 za usiku ni uniti 1.56. Taa nane za LED za wati 9 kwa saa 5 ni 0.36. Televisheni ya wati 50 kwa saa 5 ni 0.25. Ruta ya intaneti ya wati 12 haizimwi, nayo inakula 0.29. Simu na kompyuta 0.25, pampu ya maji ya wati 750 kwa nusu saa 0.38. Jumla uniti 4.3 kwa siku.

Kuna mlaji mmoja ambaye wenye nyumba huwa hawamwandiki: inveta yenyewe, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri kuwa wa volti 230 wa nyumbani. Inveta ya kilowati 5 ikiwa imewashwa tu, nyumba nzima imelala, hula wati 50 hivi. Kwa saa 24 ni uniti 1.2, yaani ni kama umenunua friji ya pili bila kujua. Ndiyo maana sipendi ule ushauri wa "chukua kubwa kabisa, itakusaidia baadaye". Kubwa inakula kila siku, na hiyo baadaye huenda isifike. Kwa nyumba hii nakubali kilowati 5 kwa sababu moja: pampu inaweza kujiwasha huku mtu anapiga pasi. Pampu ya farasi moja huvuta mara tatu mpaka sita ya wati zake pale inapoanza kuzunguka. Ni sekunde chache tu, lakini zinatosha kuiangusha inveta ndogo. Pampu ikiwashwa peke yake, kilowati 3 zingetosha.

Sasa toa sehemu ya usiku tu: friji 0.7, feni 1.56, taa 0.36, televisheni 0.25, ruta 0.17, simu 0.1, inveta 0.7. Ni uniti 3.84. Umeme wa betri ukigeuzwa kuwa wa volti 230 hupotea kama asilimia 8 njiani, kwa hiyo betri lazima itoe karibu 4.2.

Lithiamu au betri za jeli?

Betri ya lithiamu ya volti 51.2 na ampia-saa 100 inabeba uniti 5.12. Ukiitumia asilimia 80 unapata 4.1. Kwa nyumba yetu inatosha kwa kubana, na kama TANESCO ipo, kilichopungua alfajiri kitajaziwa na gridi. Kama hakuna gridi kabisa, weka mbili, kwa sababu siku ya mvua ya masika paneli zinaweza kutoa robo ya kawaida yake au chini ya hapo.

Betri ya jeli, ambayo ni aina ya betri ya madini ya risasi, ikiwa ya volti 12 na ampia-saa 200 inaandikwa uniti 2.4, lakini ukiitumia zaidi ya nusu kila usiku unaiua. Hivyo yako ni 1.2 tu. Utahitaji nne kwa kazi ileile, na kwa joto la Dar zitachoka mapema: kila nyuzi 10 juu ya 25 hukata maisha ya betri ya risasi karibu nusu. Bei yake ya kuanzia ndiyo inayowavuta watu. Mtu anayetumia sola kama akiba, umeme ukikatika mara moja moja, jeli itamfaa. Anayeishi kwa sola kila usiku, hapana. Atanunua betri mara mbili au tatu kabla lithiamu moja haijachoka.

Betri za risasi zina utapeli wake pia. Ya kweli ya ampia-saa 200 ina uzito wa kilo 55 na kuendelea. Ukiona mtu mmoja anaibeba begani huku anacheka, namba ya kwenye kibandiko ni ya kupamba. Paneli nazo zina kipimo chake: mita moja ya mraba hutoa kama wati 200 mpaka 225. Paneli ya wati 550 ina urefu wa mita 2.28 kwa upana wa 1.13 hivi, na uzito wa kilo 28. Yenye mita 1.6 za mraba ikiandikwa 550, iache dukani.

Kosa ninalolikuta zaidi kwenye lithiamu si la betri, ni la mpangilio. Inveta nyingi hutoka kiwandani zimewekwa kwa betri za risasi, na kiwango cha kuzima ni volti 42. Lithiamu ya seli 16 ikiteremshwa huko, ulinzi wake wa ndani hukata kwanza. Betri inajizima, inveta haioni betri tena, na asubuhi jua likiwaka hakuna kinachochaji. Mwenye nyumba anaambiwa betri imekufa, kumbe imelala. Mwambie fundi aingize mpangilio wa lithiamu: kuchaji karibu volti 56, kuzima karibu 48, na kama betri na inveta zinaelewana, aunganishe na waya wa mawasiliano kati yake. Namba kamili zimo kwenye kijitabu cha betri, na hizo ndizo za kufuata.

Basi, paneli ngapi?

Matumizi 4.3 jumlisha inveta 1.2 ni uniti 5.5. Kwa Dar wakati wa mvua hesabu saa 4 za jua kamili kwa siku, yaani jua la siku nzima likikusanywa ni sawa na saa 4 za jua kali kabisa. Toa asilimia 30 ya hasara za joto, vumbi, waya na kuchaji. Uniti 5.5 ni wati-saa 5500; gawa kwa 4, gawa kwa 0.7, unapata 1964. Paneli nne za 550 zinatoa 2200. Imekwisha.

Dodoma au Singida, ambako saa 5.5 si ndoto, hesabu hiyohiyo inatoa tatu. Lakini hiyo tatu ina mtego. Inveta nyingi za kilowati 5 zinazouzwa sasa zinataka paneli zilete kati ya volti 120 na 450, na zisivuke 500 kamwe. Paneli ya 550 hufanya kazi kwenye volti 41.8, kwa hiyo tatu zikifuatana, yaani zikiungwa moja nyuma ya nyingine ili volti zijumlishwe, ni 125. Kwenye karatasi inapita. Juu ya bati la Dodoma saa 7 mchana, seli zina nyuzi 60 na zaidi, volti zinashuka karibu asilimia 10, na unabaki na 112. Mfumo unaanza vizuri asubuhi, halafu unayumba jua linapokuwa kali kabisa! Mtu anabadilisha inveta bure. Dawa ni paneli ya nne. Kwenye baridi hali inageuka: paneli isiyo na mzigo ina volti 50, kumi zikifuatana ni 500, na asubuhi ya nyuzi 10 kule Njombe au Makete zinafika 520. Inveta inaweza kuungua siku hiyohiyo. Tisa ndiyo mwisho.

Wengine wanauliza kwa nini tusiziunganishe paneli sambamba ili volti zibaki ndogo na salama. Sababu ni waya. Kutoka paa mpaka inveta chukua mita 20, kwenda na kurudi 40, waya wa shaba wa milimita 4 za mraba. Paneli nne zikifuatana, ampia ni 13 na unapoteza volti 2.3 kati ya 167. Zikiwa sambamba ampia ni 52, unapoteza volti 9 kati ya 42, zaidi ya sehemu moja ya tano ya umeme wako inapasha waya moto. Ila kumbuka kwamba volti 200 za paneli zinaua, na paneli haina swichi ya kuzima jua. Asiyejua asiguse.

Kama una chaji kontrola (kifaa kinachosimamia kuchaji betri) ya zamani, ile rahisi ya PWM, usiifungie paneli hizi kubwa. Yenyewe huilazimisha paneli ifuate volti za betri. Kwenye betri ya volti 12, paneli yako ya 550 itatoa kama 170. Tafuta ya MPPT, inayoiacha paneli ifanye kazi kwenye volti zake yenyewe.

Umeme wa TANESCO ukikatika, sola itaendelea?

Inategemea uliuziwa nini. Inveta isiyo na betri iliyofungwa sambamba na gridi hujizima gridi ikikatika, hata jua likiwa utosini. Si ubovu. Imetengenezwa hivyo ili isipeleke umeme kwenye waya ambao fundi wa shirika anaushika akijua umekufa. Ukitaka taa zibaki, unahitaji inveta ya haibridi (inayotumia gridi na betri pamoja) au ya kujitegemea, na betri.

Na tafadhali, ule waya wenye plagi pande zote mbili, unaochomekwa kwenye soketi ili inveta au jenereta ilishe nyumba nzima, uutupe. Gridi ikirudi inveta inaungua. Isiporudi, umeme wako unapanda nguzoni. Swichi ya kubadilisha chanzo ni bei ndogo kuliko mazishi.

Paa, kivuli na vumbi

Kusini mwa ikweta paneli hutazama kaskazini, mwinamo wa nyuzi 10 mpaka 15. Mwinamo si kwa ajili ya jua peke yake; paneli iliyolala bapa hushika maji machafu pembeni na mvua haiioshi. Kama bati lako linatazama mashariki na magharibi, usijenge stendi ya ajabu. Karibu na ikweta hasara ni ndogo, na stendi ndefu inakamata upepo. Bolti za reli zinazoshika paneli ziingie kwenye papi au kenchi, mbao zinazobeba bati, kamwe zisishikwe na bati tupu, na kila tundu liwe na mpira wake. Pwani tumia bolti za chuma kisichoshika kutu, maana chumvi huzila zile za kawaida.

Kivuli ni adui kuliko wingu. Tanki la maji juu ya paa likitia kivuli kwenye kona ya paneli moja, linaweza kuondoa theluthi ya paneli hiyo. Kinyesi cha kunguru, ambao Dar hawana uhaba, kikiganda mahali pamoja kinapasha seli moto mpaka inaungua doa. Osha asubuhi na mapema kwa maji na kitambaa laini, bila sabuni ya unga. Kioo kikiwa cha moto usikimwagie maji baridi, wala usikanyage paneli: nyufa za seli hazionekani kwa macho.

Mambo ya moto

Breka ya kawaida ya nyumbani haifai upande wa paneli wala wa betri. Umeme wa volti 230 hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, cheche inapata nafasi ya kuzimika. Wa betri na wa paneli haupiti sifuri, cheche inaendelea kuwaka ndani ya breka mpaka plastiki inayeyuka. Nunua iliyoandikwa DC, yaani ya umeme huo usiopita sifuri, na volti zinazozidi za kwako. Kwenye betri ya volti 48 na inveta ya kilowati 5, mkondo unafika ampia 115. Waya uwe wa milimita 35 za mraba, na fyuzi ya ampia 125 au 150 karibu kabisa na betri. Viunganishi vya paneli vya chapa mbili tofauti huingiliana bila kushikana sawasawa, na hapo ndipo moto wa paa huanzia.

Kanda ya Ziwa, ambako radi hazina adabu, usikubali kazi bila kinga ya radi pande zote mbili za inveta na waya wa ethi unaounganisha fremu za paneli na rodi ya shaba ardhini. Inveta iwe ukutani penye hewa, isiwe juu ya betri za maji, na matundu yake yawekewe wavu mwembamba. Mjusi mmoja akipita juu ya ubao wa ndani anatosha kuiua, na dhamana haimtambui mjusi.

Siku ya kukabidhiwa kazi usisaini jua likiwa kali, kila kitu hufanya kazi saa 6 mchana. Mwite fundi jioni. Zima mein swichi ya TANESCO, washa friji, feni na taa, kisha pampu. Gusa kila kiungo cha waya wa betri baada ya nusu saa kwa nyuma ya vidole, upande wenye plastiki. Chenye joto hakikukazwa. Mwambie akuandikie namba za mpangilio wa betri kwenye karatasi na aibandike ndani ya mlango wa kisanduku cha breka, pamoja na namba ya leseni yake. Tanzania Bara leseni hiyo hutolewa na EWURA, Kenya ni EPRA, mamlaka zinazosimamia nishati.