Kameo si nafasi ndogo

Wiki iliyopita nilikuwa kwa kinyozi Sinza. Kijana mmoja aliyekuwa anasubiri zamu aliwaonyesha wenzake video ya wimbo kwenye simu, akaisimamisha katikati na kuweka kidole kwenye kioo: "Huyu hapa mimi. Nimepiga kameo." Nikachungulia. Nyuma ya mwimbaji, kwenye kundi la vijana wanaorukaruka, kulikuwa na shati la bluu na nusu ya uso. Nikarudi kitini nikanyolewa, sikusema kitu.

Siku chache kabla ya hapo nilimsikia mtangazaji akisema mwigizaji fulani "alipewa kameo" kwa kuwa mhusika wake anauawa mapema. Na kabla ya huyo, mtu alinitumia andiko lililodai kwamba Stan Lee, yule mzee mtunzi wa vitabu vya katuni vya kampuni ya Marvel ya Marekani, "alianza na vikameo kwenye filamu za hovyo hovyo kabla ya kupewa kameo zenyewe". Mawili ya kwanza ningeyameza. Hili la Stan Lee ndilo lililonikalisha chini.

Kameo ni tokeo fupi la mtu ambaye mtazamaji anamjua tayari kutoka nje ya filamu ile, na tokeo lenyewe limewekwa ili atambulikane. Anaweza kucheza kama yeye mwenyewe au akapewa jina la mhusika, anaweza kusema neno au akanyamaza. Kinachohitajika ni kwamba umwone na moyoni useme, aa, si fulani huyu!

Nadhani Kiswahili chetu kinachangia kutupotosha. Masikio yetu yakikutana na "ka" mwanzoni mwa neno yanasikia udogo: katoto, kajumba, kagari. Kwa hiyo mtu anaisikia "kameo" anadhani ni kadogo fulani, kajukumu, kanafasi. Lakini "ka" hiyo haipunguzi kitu, ni sehemu ya neno lenyewe, na neno lenyewe halitoki kwenye sinema hata kidogo. Limetoka kwa wachongaji wa vito.

Kwa Waitaliano ni cammeo, kito kilichochongwa kwenye jiwe au kombe la konokono wa baharini lenye matabaka ya rangi tofauti. Chukua kombe ambalo tabaka lake la juu ni jeupe na la chini ni la rangi nzito, tuseme chungwa au kahawia. Fundi analiacha lile jeupe pale tu anapotaka pua, nywele, shingo. Kwingine kote analiparura taratibu mpaka rangi ya chini itokeze. Akimaliza una uso mweupe ulioinuka juu ya uwanja wenye rangi nzito. Ipo kazi ya kinyume chake, ya kuuzamisha uso ndani ya jiwe kama muhuri, nayo ina jina lake, na wenye fani hawakubali uzichanganye. Huko Vienna kuna akiki ya matabaka mawili iitwayo Gemma Augustea, ya karne ya kwanza, yenye umbo la Kaisari Augusto na watu wake, weupe kabisa juu ya uwanja wa giza. Hiyo ni kameo. Imepita karibu miaka elfu mbili na bado unajua nani ni nani.

Nyuma zaidi ya Kiitaliano wataalamu wa asili za maneno hawajakubaliana. Wapo wanaolihusisha na neno la Kiarabu la matumba ya maua, na natamani iwe kweli.

Na sisi wa pwani tumo humu. Mji wa Torre del Greco, ulio chini ya mlima Vesuvius karibu na Napoli, unajulikana kwa kameo za makombe. Kombe moja wanalolipenda wachongaji wa kule ni la konokono mkubwa wa Bahari ya Hindi ambaye jina lake la kisayansi ni Cypraecassis rufa, na makombe yake yamekuwa yakisafirishwa kwenda Italia kutoka pwani hii hii ya Afrika Mashariki. Niliwahi kulishika moja kwenye meza ya muuza makombe Zanzibar. Ni zito kuliko unavyotarajia, mgongo una vinundu vyekundu vya rangi ya matofali, na mdomo ni mnene, wa rangi ya chungwa, umepangwa meno meupe. Nililigeuza nikajaribu kuwaza kwamba ndani ya unene ule kuna sura ya mtu inasubiri kuparuriwa. Aliyewahi kumtazama fundi wa milango ya Zanzibar au Lamu akiwa na patasi ataelewa haraka kuliko mimi ninavyoeleza. Ua linasimama kwenye mbao kwa sababu mbao iliyolizunguka imechimbwa ikashuka.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu na matumizi ya siku hizi. Kwenye kameo kuna vitu viwili: uso ulioinuka na uwanja ulioshuka. Ekstra, yaani yule anayepita barabarani mhusika mkuu akizungumza, au anayekunywa soda meza ya nyuma, ndiye uwanja. Kazi yake ni kushuka ili mwingine ainuke, na ekstra hodari ni yule usiyemkumbuka. Ukimwita ekstra kameo hujakosea kidogo, umegeuza kito juu chini. Na yule anayeuawa mapema ni mhusika mwenye nafasi fupi, basi. Kama hatukumjua kabla hajaingia, hakuna kilichoinuka.

Safari ya neno kutoka kwenye kito hadi jukwaani ni fupi. Karne ya 19 waandishi wa Kiingereza walianza kulitumia kwa kipande kifupi cha maandishi kinachomchora mtu mmoja waziwazi, kisha watu wa tamthilia wakalichukua. Aliyelitangaza kwenye sinema ni mtayarishaji wa filamu Michael Todd, mwaka 1956, alipotengeneza Around the World in 80 Days na kuijaza nyuso maarufu zaidi ya 40, nyingine kwa sekunde chache tu. Kuna mpiga piano kwenye baa ya San Francisco. Kwanza unaona mgongo wake na kofia, halafu anageuka, ni Frank Sinatra, mwimbaji maarufu. Hana la kusema. Kule kugeuka ndiko kuinuka kwenyewe.

Sasa turudi kwa Stan Lee. Alizaliwa New York mwaka 1922, akafariki Novemba 2018, na kizazi cha sasa kinamjua kama babu mwenye miwani aliyekuwa anachomoza mahali fulani karibu kwenye kila filamu ya Marvel. Kwenye X-Men ya mwaka 2000 anauza soseji ufukweni. Watu wanadhani hapo ndipo kameo zake zilipoanza, na kwamba yaliyotangulia ni mazoezi. Mimi naona zile za mwanzo ndizo kameo hasa.

Fikiria hali ya mwaka 1990. Mtunzi wa vitabu vya katuni ana jina, hana uso. Jina liko kwenye kurasa za kwanza, sura haipo. Stan Lee alikuwa na nafuu kidogo kwa sababu kwa miaka mingi aliandika safu yake ndani ya vitabu vyenyewe akizungumza na wasomaji kama jamaa zake. Hata hivyo, mtu asiyesoma katuni angempita barabarani asigeuke. Mwaka huo Larry Cohen, mwongozaji wa New York aliyezoea kupiga filamu kwa fedha kidogo katikati ya barabara za mji, alitoa The Ambulance. Shujaa wake, Eric Roberts, ni mchoraji wa katuni. Anakutana na msichana barabarani, msichana anaanguka, gari la wagonjwa linamchukua, na hospitalini hayupo. Mchoraji huyo anafanya kazi Marvel, na bosi wake ofisini ni Stan Lee, anacheza kama Stan Lee.

Kwa watazamaji wengi yule alikuwa bosi tu, mzee mchangamfu mwenye masharubu. Kwa msomaji wa katuni ilikuwa ni kama kumwona mwandishi wa barua ulizozisoma utotoni akifungua mlango na kuingia sebuleni kwako. Kameo ya namna hii inaugawa ukumbi mara mbili. Wengi hawaoni kitu, wachache wanashikana mikono gizani. Na hao wachache ndio hao hao wanaozifanya filamu za namna hii ziishi.

Hapa inabidi nigusie neno jingine, kalti, kutoka Kiingereza cult, neno ambalo pia ni dhehebu. Filamu ya kalti haihusu madhehebu, na wala haina maana ya filamu ya hovyo. Ni filamu ambayo umma uliipita lakini kundi dogo likaishika, likairudia, likajifunza maneno yake kwa moyo. Nyingine ni mbovu kweli, nyingine ni nzuri mno, nyingi zilitengenezwa kwa fedha kidogo. Ubora sio unaozifanya kalti, ni watu wake. Ndiyo maana kameo ya mtunzi wa katuni inakaa vizuri humo. Mwongozaji hana fedha za kumlipa nyota anayejulikana dunia nzima, kwa hiyo anamleta mtu anayejulikana sana na watu wachache, na hao wachache ndio wake.

Mallrats ya mwongozaji Kevin Smith, iliyotoka Oktoba 1995, ni mfano ninaoupenda kuliko yote. Iligharimu takriban dola milioni 6 na kwenye majumba ya sinema ikarudisha kama milioni 2. Kwa hesabu hizo ilikuwa imekufa. Kanda za video ndizo zilizoifufua. Ndani yake yumo Brodie, kijana anayeishi kwa katuni, ameachwa na mpenzi wake na anazurura kwenye jengo la maduka. Siku hiyo Stan Lee amekuja kusaini vitabu. Wanakaa pamoja, na mzee anamwambia kwamba mashujaa wale wote aliwabuni kutokana na majuto ya mapenzi aliyoyaachia yakaondoka. Baadaye tunajua maneno hayo yalikuwa ya kupangwa, rafiki wa Brodie ndiye aliyemwomba mzee ayaseme. Lakini anayemjua mtu huyu nje ya filamu anajua pia kwamba alimwoa Joan mwaka 1947 na wakakaa pamoja mpaka Joan alipofariki mwaka 2017. Mtazamaji huyo anasikia sauti mbili kwa wakati mmoja, ya mzee wa kwenye kioo na ya mume wa Joan.

Wapo wanaosema ile ni ndefu mno kuitwa kameo. Mimi natumia kipimo kimoja: mwondoe mtu huyo, weka mwigizaji asiyejulikana, mpe maneno yale yale. Kama hakuna kilichopotea, haikuwa kameo, hata iwe ya sekunde mbili. Kwenye Mallrats tukio lote lingekufa. Brodie angekuwa anasikiliza mawaidha ya mzee yeyote.

Kipimo hicho kinaleta majibu ya kuvutia. Frank Miller, aliyeandika na kuchora katuni ya Batman iitwayo The Dark Knight Returns mwaka 1986, ni mmoja wa walioandika RoboCop 2 ya 1990, na ndani yake anaonekana kwa muda mfupi kama mkemia wa dawa za kulevya aitwaye Frank. Ile haikuwa filamu ya fedha kidogo. Asiyesoma katuni hakupoteza lolote, lakini aliyesoma alipata kito. Kwa hiyo ni kameo kwa huyu na si kameo kwa yule, jambo ambalo kamusi hazipendi kulisema ingawa ndivyo lilivyo.

Kuna hata kameo ya sikio. Citizen Toxie, filamu ya nne ya The Toxic Avenger kutoka kampuni ya Troma ya New York, inasimuliwa na Stan Lee, na kwenye orodha ya majina ametajwa kama Peter Parker, jina la Spider-Man akiwa amevua barakoa. Sura haionekani, lakini waliokua wakimsikia akisimulia katuni za televisheni za miaka ya 1980 waliijua sauti ile kabla ya sentensi ya pili.

Halafu ikaja Captain Marvel, Machi 2019, miezi michache baada ya kifo cha Stan Lee. Hadithi yake inatokea mwaka 1995. Shujaa anapita ndani ya treni akimsaka adui, na mzee mmoja ameketi akisoma mswada, midomo inacheza, anajifunza maneno yake. Juu ya karatasi kuna neno moja, Mallrats. Filamu kubwa kabisa, yenye fedha zote za dunia, iliinamia filamu ndogo iliyoanguka na kukiri kwamba mzee alishafika pale kabla yake. Mwandishi wa lile andiko kuhusu "vikameo" aitazame sehemu hiyo tena.

Na wewe mdogo wangu wa shati la bluu, siku ile nilinyamaza kwa sababu ulikuwa na furaha na sikutaka kukutia doa mbele ya wenzako. Ulikuwa ekstra. Uliruka kwa wakati, hukutazama kamera hata mara moja, na mwimbaji alionekana vizuri kwa sababu ninyi nyuma mlikaa mlipotakiwa kukaa. Wakikuuliza tena, waambie hivyo, nilikuwa ekstra. Kameo itakuja siku tutakapokuona kwa sekunde moja tu na kinyozi asimamishe mashine aseme, hebu rudisha nyuma, si yule dogo wa hapa Sinza?