Kiswahili anakijua. Kuzoea, bado

Jumanne iliyopita nilipigiwa simu na bosi mmoja wa hapa mjini. Simtaji, wala ofisi yake siitaji. "Mwalimu, huyu mgeni wetu Kiswahili kimeshamnyooka, mbona bado kanuna? Mimi nilijua wiki sita zinatosha." Nikamjibu kwa adabu zote, maana ndiye anayelipa ada. Kisha nikarudi jikoni nikamenya viazi kwa hasira mpaka vikabaki kama gololi.

Mwaka wa kumi na nne huu nawafundisha wageni Kiswahili hapa Mwanza: madaktari, wamisionari, wahandisi, watafiti wa ziwa, na wenzi wao waliofuatana nao bila kujua wanakuja kufanya nini. Na miaka yote hiyo nasikia maneno yaleyale kwa mabosi, kwa majirani, hata kwa shemeji yangu: mgeni akishajua Kiswahili, amezoea. Mimi ndiye ninayeuza hicho Kiswahili, ningepaswa kunyamaza. Nimeshindwa.

Ya haraka kwanza, tuyamalize. Vibali: aliyeajiriwa ni daraja B, mtafiti, mwanafunzi, mmisionari na wa kujitolea ni C, mengine muulize afisa uhamiaji, si mimi. Ziwa: usioge humo, na kama umeshaoga nenda kapime kichocho, usingoje kuumwa. Nyumba: andaa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na ukajitambulishe kwa mjumbe kabla hajaja kukuuliza. Umeme: usingoje LUKU ilie usiku. Saa: ongeza sita au toa sita, basi. Ingawa hapa Mwanza jua huchomoza karibu na saa moja, si saa kumi na mbili kama kitabu kinavyodai, na kuna mwanafunzi atakayekubana kwa hilo. Mwambie nchi ni pana, saa ni ya wote.

Haya. Sasa yanayonikera.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, dada wa Kijerumani, aliyekuja na Kiswahili cha chuo kikuu cha kwao. Ngeli zote kichwani. Mimi mwenyewe nikiteleza ananitazama. Siku moja mama mpangaji mwenzake, wamekaa uani wanachambua mchele, akamuuliza: "Una watoto?" Akajibu: "Hapana. Sitaki watoto." Mama akainamia ungo wake, hakusema neno mpaka mchele ukaisha. Kesho yake dada akaniletea sentensi ile imeandikwa kwenye daftari, akataka nimwonyeshe kosa. Kosa halikuwepo. Swali hilo jibu lake ni "bado". Uwe na miaka ishirini, uwe na sitini, ni bado. "Umeolewa?" Bado. "Umejenga?" Bado. Hapana inafunga mlango na kumwacha Mungu nje.

Au "nakuja". Fundi cherehani anamwambia "nakuja", anapanda bodaboda, anaondoka. Mgeni amebaki kwenye benchi anatafuta kitenzi. Anakijua kitenzi! Alikijua tangu somo la pili. Hakuna aliyemwambia kwamba sisi tukisema nakuja tukiwa tumekupa mgongo, maana yake naondoka ila nitarudi, na kurudi kwenyewe kuna majaliwa yake.

Lakini linaloniumiza kichwa kuliko yote ni "karibu". Unapita, watu wamezunguka sinia, ugali na sato wa nazi. "Karibu!" Mgeni mpya anakaa hapohapo na kunyoosha mkono. Mgeni aliyesoma kitabu amefundishwa kwamba hiyo ni adabu tu, ujibu "asante, nashukuru" na kupita. Basi anapita, anapita, anapita, na baada ya miezi mitatu mtaa mzima unajua kwamba yule Mzungu ana maringo. Vyote viwili ni makosa, na la pili ni baya zaidi, maana limetoka kwetu walimu. Mimi nawafundisha kutazama mikono. Kama aliyekukaribisha bado anakata tonge, hiyo ni karibu ya mdomo, shukuru uende zako. Kama amesogea, amevuta kigoda, na mtoto ameshatumwa maji ya kunawa, umechelewa kukataa. Nawa. Matonge mawili, kisha sema umeshiba.

Kanuni nzuri, eti? Imenishinda mimi mwenyewe, tena ukweni Magu. Kigoda kilivutwa, nikakaa, kumbe kilikuwa kinavutwa kumpisha babu. Nilikula na uso wa aibu. Kwa hiyo nikiwafundisha kanuni hii siku hizi naongeza kwamba inafanya kazi mara nyingi. Nyingi, si zote. Na bibi wa Kisukuma akikuamkia "mwangaluka" asubuhi, au "mwadila" jua likishapinda, Kiswahili chako chote kitabaki mfukoni.

Sasa tuje kwetu sisi wenyeji, maana bosi wangu alidhani tatizo ni la mgeni.

Nina mwanafunzi mwingine, mzee wa Kiitaliano, mhandisi, Kiswahili chake ni balaa. "Mimi taka dagaa kopo mbili." Siku moja nilimsindikiza Mwaloni, Kirumba. Akafika kwa binti anayeuza dagaa, binti wa miaka kumi na tisa hivi, akamwinamia: "Shikamoo." Binti akajibu "marahaba" na sauti ya bibi, wenzake wakaanguka kicheko kwenye magunia. Kisha binti, machozi ya kucheka yanamtoka, akamwambia: "Babu, Kiswahili chako kizuri sana!" Nilipomhoji mzee nikagundua amekuwa akiwaamkia shikamoo vijana wa bodaboda kwa miezi minane. Miezi minane! Si mlinzi, si dereva, si wafanyakazi wenzake, hakuna aliyemwambia. Nilipomuuliza dereva, akanijibu: "Mwalimu, mgeni hasahihishwi, ni kumvunjia heshima."

Heshima gani hiyo? Mwanao akikosea salamu mbele ya watu unamfinya palepale. Mgeni tunamsifu kwa "mambo" moja aliyoijifunza kwenye ndege, akiuliza kwa Kiswahili tunamjibu kwa Kiingereza cha kuungaunga, bei tunaipandisha, kiti tunampa cha peke yake. Halafu tunashangaa mbona hazoei. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi siku ya mia tatu bado tunampa soda.

(Mgeni pekee ninayemjua aliyelizoea ziwa hili bila kushikwa mkono ni sangara. Aliletwa miaka ya 1950, na kazi yake ya kwanza ikawa kuwala wenyeji, mamia ya aina za furu. Sisemi ndio mfano.)

Wataalamu wa mambo haya wana mchoro wao wa herufi U: unafika kwa furaha, unazama katikati, kisha unapanda. Chanzo chake ni Sverre Lysgaard, mwaka 1955, baada ya kuwahoji Wanorwei 200 waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright. Niliuchora ubaoni miaka mingi, nikawaambia wanafunzi wasijali, mwezi wa nne watazama na wa nane watapanda. Nimeacha. Wangu wengi huzama wiki ya kwanza kabisa, na niliposoma kwamba utafiti mmoja uliochapishwa 1998 uliwakuta Wajapani wanaosoma New Zealand hivyohivyo, hali mbaya zaidi mwanzoni kabisa, nilifuta ubao kwa raha. Wengine hupanda na kushuka kama daladala ya Bugando. Na wapo wasiozama kamwe, na hao sijui niwaeleze vipi.

Yule mzee wa Kiitaliano alipanga Igoma. Jirani yake alipofariki, mlinzi akamwambia lazima aende. Akaenda. Siku ya kwanza wakamwekea kiti nje ya turubai, na soda, kama kawaida yetu. Siku ya pili akakibeba kile kiti mwenyewe akakaa na wanaume. Hakuwa anaelewa hata nusu ya mazungumzo. Siku ya maziko, kaburini, vijana wanapokezana machepe kufukia, kijana mmoja akachoka, akanyoosha chepe pembeni bila kuangalia anampa nani. Aliyelipokea ni mzee. Akafukia mpaka shati likalowa.

Sasa yumo kwenye kikundi chao cha kufa na kuzikana. Juzi kaingia darasani anameremeta: "Mwalimu, mimi piga faini!" Alichelewa kikao, wakamtoza kama mwenzao. Nikamsahihisha: nimepigwa. Akarudia vibaya. Nikamwacha.

Dada wa Kijerumani mkataba ulipoisha aliondoka. Nilimfundisha bado, nakuja na karibu, zote, na alizishika. Hajawahi kupewa chepe. Wakati mwingine nafikiri nilimpotezea muda na ngeli alizokuwa anazijua tayari, wakati ningemtuma tu sokoni, au msibani.

Bosi nimempigia jana. Nikamuuliza: "Tangu mgeni wenu afike, nani ameshamtuma kitu? Kadi ya mchango wa harusi ameshapewa hata moja?"

Akashtuka kweli. "Mwalimu! Mgeni tumchangishe?"